Vipele vinavyouma kwenye ncha ya ulimi: vinatoka wapi na vinatibiwaje?

#1 MamaViazi_Majengo
Hamjambo jamaa zangu. Anayejua anisaidie. Tangu wiki iliyopita nimetokwa na vipele kwenye ncha ya ulimi. Vitatu vimekaa pamoja mbele, kimoja kimejitenga ubavuni upande wa kulia. Ni vidogo, ukubwa wa ufuta, juu vyeupe na chini vyekundu. Havina usaha wala havitoi damu, lakini kimoja kikigusana na jino machozi yananitoka.

Kwa mtu mwingine hili lingekuwa jambo dogo. Mimi nauza viazi karai na bhajia jioni, na ukwaju naupika mwenyewe. Chumvi na pilipili siwezi kuzipima kwa macho, ni lazima nionje. Juzi nimeonja nusu nusu kwa kuogopa maumivu, wateja wamerudisha vibakuli wakisema ukwaju ni chumvi tupu. Nikiendelea hivi watahamia kibanda cha pili.

Jirani ananishauri nivikate kwa mkasi wa kucha. Shemeji yangu anasema nivisugue na chumvi ya mawe hadi vitoe damu. Yote mawili yananitia hofu. Hivi ni vitu gani, na dawa yake ni nini?

#2 Kijana_Tudor
Pole dada. Swali la kwanza kabla ya dawa: umemwambia nani uwongo? Sisi utotoni ukitokwa na kipele cha ulimi hukuulizwa mara mbili, mama alikuwa anakwenda moja kwa moja kuangalia sukari iliyopungua kwenye mkebe.

#3 Bi_Kuze
Nyinyi wa Tudor mlipokea vibaya. Si uwongo, ni kusengenywa. Kikitoka kwenye ncha, anayekusema ni mtu wa ndani. Kikitoka nyuma, ni mtu wa mbali. Nyanya yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akikaa barazani anataja majina ya wanawake wa mtaa mmoja mmoja, ulimi ameuuma kidogo. Jina ambalo likitajwa maumivu yanakatika, basi ndiye. Nilimshuhudia akipata jina, na kipele kikapoa siku ya pili.

#4 MtuWaMtwapa
Kwetu ni kudokoa nyama chunguni kabla haijapakuliwa. Na kwa kuwa mwenye uzi anaonja kila jioni, naona ushahidi umekamilika 😀

#5 NesiMstaafu_Likoni
Mwanangu wa Majengo, huo mkasi wa kucha urudishe kwenye droo. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, na nimeona watu waliokata vipele hivi nyumbani wakaja na ulimi uliovimba mdomo haufungi. Ulimi una mishipa mingi ya damu, na mkasi wa kucha una wadudu wa kucha.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Ulimi wote umejaa vinundu. Vingi ni vile vyembamba vinavyoufanya ukwaruze, na hivyo havina kazi ya ladha. Katikati yao kuna vya duara, umbo la uyoga, vimejazana zaidi kwenye ncha na pembeni, na hivi vimebeba viini vya kuonjea. Kinundu cha aina hiyo kikiunguzwa, kikiumwa na jino, au kikichokozwa na kitu kikali, huvimba, huwa chekundu au cheupe kichwani, na huuma kuliko ukubwa wake. Maelezo yako yanafanana sana na hilo. Si ugonjwa wa kuogopa. Mara nyingi hupoa chenyewe ndani ya siku chache, wakati mwingine wiki.

Fanya hivi: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, sukutua, tema, mara kadhaa kwa siku. Nyonya kipande cha barafu. Acha pilipili, ndimu na ukwaju kwa muda. Chumvi ya mawe usisugue hata kidogo, utajitia kidonda juu ya uvimbe.

Na unijibu: ukionja, unaonja kikiwa cha moto?

#6 MamaViazi_Majengo
Shukran sana Bi Nesi. Ndiyo, naonja kwa kijiko cha chuma kutoka kwenye sufuria ikiwa jikoni, kwa sababu wateja wa magharibi hawangoji. Tena nina mkebe wa mabuyu pale kibandani, nauza na mimi mwenyewe natafuna nikikaa bure. Kuacha ukwaju ni kugumu, ndio wateja wanaoufuata.

#7 AbuTalha_Kibokoni
Mabuyu! Basi hapo hapo umejijibu. Tazama yanavyotengenezwa: mbegu za ubuyu zinapikwa na sukari, rangi nyekundu, pilipili, na wengi wanatia ile chumvi ya ndimu ya unga ili yawe makali. Ukimung'unya moja, unalisukuma huku na huku mdomoni, na ule unga wake unakwaruza wakati asidi inachoma. Wanangu wakila pakiti nzima baada ya madrasa, kesho yake hawataki hata uji. Nimeona hivyo si mara moja. Achari za maembe makavu ni hivyo hivyo.

#8 Fundi_Tononoka
Mimi nimekula mabuyu na achari tangu sijaanza shule na ulimi wangu mzima. Nakataa. Tatizo ni damu. Mke wangu alikuwa akitokwa na hivi vitu kila mwezi, kinapona kimoja kinachipuka kingine, kwenye mashavu ndani na chini ya ulimi. Tukapita kila dawa ya Marikiti. Mwisho daktari akampima damu, akakuta madini ya chuma yako chini sana. Tena akamuuliza kama anakula udongo, na kweli alikuwa anakula, ule wa kununua sokoni. Akapewa vidonge vya chuma na akaambiwa asinywe chai pamoja na chakula kwa kuwa chai inazuia chuma kuingia mwilini. Sisi hapa mchana ni wali na chai, jioni mahamri na chai. Alipofuata masharti vikakoma. Kwa hiyo dada, kapime damu.

#9 NesiMstaafu_Likoni
Fundi, mkeo alikuwa na vidonda, na dada huyu ana vipele. Ni vitu viwili. Kidonda kina shimo: katikati kimefifia rangi ya manjano au kijivu, pembeni kuna duara jekundu, na hupenda sehemu laini, yaani ndani ya mashavu, ndani ya midomo, chini na ubavuni mwa ulimi. Huchukua wiki moja hadi mbili kupona. Kipele kimeinuka, hakina shimo. Vidonda vinavyorudi rudi ndivyo tunavyovitafutia upungufu wa chuma, foliki na vitamini B12. Ila umefanya vizuri kumpeleka mkeo, wengi wanaishia kupaka tu.

#10 Fundi_Tononoka
Nimekuelewa Bi Nesi. Lakini yeye mwenyewe alikuwa akisema vinaanza kama kipele kigumu kinachowasha, halafu ndipo kinafunguka. Je, hivi vya dada si vinaweza kuwa viko mwanzoni?

#11 NesiMstaafu_Likoni
Vinaweza. Baadhi ya vidonda huanza kwa kuwaka na kuvimba kidogo kabla ya kufunguka. Ndiyo maana nataka ajiangalie kwa tochi na kioo asubuhi kabla ya kula, atuambie kama kuna kilichotoboka.

#12 Mfamasia_Nyali
Bi Nesi amesema vizuri. Naongeza upande mmoja ambao watu hawautazami: dawa ya meno. Soma maandishi madogo nyuma ya bomba utaona sodiamu lauri salfeti, ndiyo inayotoa povu jingi. Kwa watu wengine povu hilo linaudhi ngozi ya ndani ya mdomo, na kuna tafiti zilizoona vidonda vinapungua kwa wanaotumia dawa isiyo nayo. Ya mdalasini kali na mnanaa mkali pia huwachoma baadhi ya watu. Mama Viazi, umebadilisha dawa ya meno hivi karibuni?

Kama maumivu yanakuzuia kula, kuna jeli ya kutia ganzi yenye lidokeini, unapaka kidogo kwa kidole safi. Ila usiipake halafu uende kuonja ukwaju, hutajua umetia chumvi kiasi gani. Na kwa watoto wadogo usiitumie bila kuambiwa na daktari. Maji ya kusukutua ya klorheksidini yanasaidia kuzuia wadudu, lakini ukiyatumia muda mrefu, na hasa wewe mnywaji wa chai, meno yanaingia rangi ya kahawia.

#13 MamaViazi_Majengo
Kumbe! Dawa ya meno nimebadilisha mwezi jana, nimechukua ya mnanaa mkali kwa sababu ilikuwa ya bei ya chini. Sasa nimechanganyikiwa: ni kijiko, ni mabuyu, au ni dawa ya meno?

Nimejitazama na tochi. Vya mbele bado vimeinuka, hakuna shimo. Cha ubavuni ni kikubwa kidogo na kimekaa sawasawa na gego langu ambalo lilimeguka pembe nikila mfupa wa samaki.

#14 Bi_Kuze
Nikisema jina mtakasirika. Lakini huyo aliyekuuzia dawa ya meno ya bei ya chini mchunguzeni 😀

#15 Dereva_Changamwe
Gego lililomeguka ndilo lenyewe. Nilikuwa na jino kama hilo, kila nikizungumza ulimi unapita juu ya ncha yake. Kipele hakikupona mpaka daktari wa meno alipolisaga kidogo likawa laini. Kazi ya dakika chache tu, hata sindano hakudunga. Nilikuwa nimeshamaliza asali ya nyumba nzima kwa kupaka.

#16 Kijana_Tudor
Nami nina langu. Nimeacha sigara mwezi wa Ramadhani, alhamdulillah sijarudi. Lakini badala ya mdomo kupata nafuu ndio umejaa vidonda, mashavuni na pembeni mwa ulimi. Rafiki zangu wananiambia kila mmoja, "Yakhe, mwili wako unadai sigara." Kuna ukweli hapo?

#17 Mfamasia_Nyali
Hilo linajulikana, Kijana. Watu wanaoacha sigara wengine hutokwa na vidonda vya mdomo wiki za mwanzo, halafu vinapungua vyenyewe. Maelezo yanayotolewa ni kwamba moshi huifanya ngozi ya ndani ya mdomo kuwa nene na ngumu, na ukiacha inarudi kuwa laini. Isiwe sababu ya kuwasha tena. Sukutua chumvi, subiri. Na hongera sana.

#18 AbuTalha_Kibokoni
Hongera Kijana, usirudi nyuma. Na wenzako wa muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, je? Mimi naona vijana wa vibanda vya Majengo na Mwembe Tayari, shavu limejaa, midomo imepasuka, wanatafuna na bigijii (ubani wa kutafuna) na karanga usiku kucha. Halafu wanashangaa ulimi unawaka. Si gavana Nassir aliipiga marufuku hapa Mombasa Mei 2024?

#19 MtuWaMtwapa
Aliipiga, na Kilifi wakafuata, lakini mahakama kule Embu ikasimamisha amri hiyo siku chache baadaye. Muguka inatoka huko Embu, wakulima walikwenda kupigania riziki yao. Tusiingie huko, uzi utafungwa. Lakini ni kweli kwamba inakausha mate, na mdomo mkavu unakwaruzika upesi. Na wengi wanatafuna upande mmoja tu, ukimwangalia ulimi upande huo umechubuka.

#20 Mwana_OldTown
Mkisema muguka msisahau tambuu. Na hapa naomba tuache mzaha kidogo.

Mjomba wangu alikuwa mla tambuu tangu ujana, na popoo (ile kokwa ngumu ya kutafuna) na chokaa na tumbaku ndani yake. Chokaa ilikuwa ikimuunguza mara kwa mara, kwa hiyo alipotokwa na uvimbe ubavuni mwa ulimi akasema ni chokaa tu. Haukuwa unamuuma sana, ndiyo maana hakujali. Ukiushika ni mgumu, na pembeni yake kulikuwa na weupe usiofutika. Akawa anapaka asali na habasoda. Mwezi ukapita, na wa pili. Alipoanza kushindwa kumeza ndipo tukamlazimisha kwenda hospitali, wakakata kipande wakapima, ikawa saratani. Tulimzika mwaka uliofuata.

Popoo peke yake, hata bila tumbaku, imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, tangu mwaka 2004. Barazani hatuambiani haya. Tunapewa tambuu harusini tukiwa wadogo tunafurahia midomo ikiwa myekundu. Nawaombeni, uvimbe au kidonda cha ulimi kikipita wiki mbili hakijapona, msipake kitu tena. Nendeni mkaangaliwe.

#21 Bi_Kuze
Inna lillahi. Pole sana mwanangu. Mimi mwenyewe natafuna tambuu baada ya chakula, si kila siku. Nitaipunguza, wallahi umenishtua.

#22 NesiMstaafu_Likoni
Mwana Old Town, Mungu amrehemu mjomba. Ulichosema ndicho ninachotaka kila mtu hapa akishike: wiki mbili. Na msisubiri maumivu yawape habari. Vipele vinavyouma sana kwenye ncha kwa kawaida ni vile visivyo na neno. Kile kigumu, cha upande mmoja, kisichouma sana, chenye weupe au wekundu usiofutika, kinachotoa damu kikiguswa, au kilichoambatana na tezi ya shingo iliyovimba, hicho ndicho cha kukimbilia. Bi Kuze, usipunguze. Acha, mama yangu.

#23 Hamza_Kisauni
Jamani sasa mmenitia hofu. Baada ya kusoma post ya 20 nimetoa ulimi wote mbele ya kioo, nimeushika na kitambaa, na huko nyuma kabisa nimeona mavinundu makubwa yamejipanga mstari! Hayaumi. Ni saratani? Sijalala.

#24 Mfamasia_Nyali
Lala, Hamza. Hayo umezaliwa nayo. Nyuma ya ulimi kila mtu ana vinundu vikubwa, kwa kawaida 8 hadi 12, vimejipanga umbo la herufi V kichwa kikielekea kooni. Vile vya pembeni nyuma vinavyoonekana kama mikunjo navyo ni vya kawaida. Angalia vya upande wa kulia na wa kushoto: vikilingana pande zote, hiyo ni dalili nzuri. Kila mwezi mtu mmoja anakuja dukani kwangu ametoa ulimi nje kwa ajili ya hivyo.

#25 Hamza_Kisauni
Alhamdulillah. Vinalingana. Naenda kulala.

#26 ShangaziWaKongowea
Mmeongea mengi ya kizungu, dawa za nyumbani hamjazitaja. Mimi natumia hivi na watoto wangu wote wamekua. Majani machanga ya mwarobaini, yale ya mkilifi wa nyuma ya nyumba, unachemsha, maji yakipoa unasukutua. Ni machungu, lakini usiku mmoja unaona tofauti. Ya pili, karafuu: unaiweka shavuni inyonyeke polepole, mahali panakufa ganzi. Ya tatu, asali safi, unapaka ukienda kulala. Na magadi ya kupikia kidogo ndani ya maji, hasa kama tumbo lina asidi.

#27 Mfamasia_Nyali
Shangazi, karafuu nakubaliana nawe, ina mafuta ya eujeno ambayo kweli hutia ganzi, hata madaktari wa meno huyatumia. Lakini iwe karafuu nzima ya jikoni. Mafuta ya karafuu ya chupa ukiyapaka yalivyo bila kuzimua yanaunguza. Bikabonati, yaani yale magadi ya keki, ni kijiko kimoja cha chai ndani ya nusu kikombe cha maji ya vuguvugu, usukutue uteme. Wengi wanachukua bekin poda wakidhani ni kitu kimoja. Bekin poda imetiwa asidi ndani yake, haifai kwa kazi hii.

Asali sawa, ila mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata ya kupaka. Inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu tumboni mwake. Na wale wanaoweka aspirini juu ya kidonda ili isage maumivu: inaunguza nyama inabaki nyeupe imekufa.

#28 ShangaziWaKongowea
La asali kwa watoto wachanga silijui, na wangu wote walilambishwa siku ya kuzaliwa. Lakini nimesikia, sitabishana na mwenye duka la dawa. Mwarobaini je?

#29 Mfamasia_Nyali
Mswaki wa mwarobaini na ule wa mti wa msuaki vinatumika karne na karne kusafisha meno, sina neno navyo. Kwa kipele cha ulimi sijui kama ni mwarobaini ulioponya au ni zile siku mbili zilizopita. Ukichemsha, sukutua uteme, usimpe mtoto mdogo kunywa.

#30 Dereva_Changamwe
Hapo ndipo penye kazi. Kitu kinachopona chenyewe, kila anayekipaka dawa ataapa ni dawa yake.

#31 MamaViazi_Majengo
Wapendwa nimerudi na habari. Nilifuata ya kila mtu. Nimepozesha ukwaju kwenye sahani kabla ya kuonja, na kijiko nimebadilisha natumia cha mti. Mabuyu nimeyaacha yauzwe tu. Dawa ya meno nimerudi kwenye ile ya zamani. Nimesukutua chumvi asubuhi na usiku. Na jumatatu nimekwenda kwa daktari wa meno, amelisaga gego likawa laini na akautazama ulimi wote, akasema hana wasiwasi.

Vipele vya mbele vimekwisha. Cha ubavuni kimenywea lakini bado nakisikia nikila kitu kichachu. Na jana kimechipuka kingine kidogo upande wa kushoto, ambako hakuna jino bovu.

#32 Dereva_Changamwe
Nilisema ni gego!

#33 AbuTalha_Kibokoni
Gego la kulia litoe kipele kushoto? Umeacha mabuyu vikaondoka vya mbele. Nakuuliza, hicho cha jana hukulamba hata moja?

#34 Mfamasia_Nyali
Dawa ya meno inahitaji muda kidogo kabla ya kuamua. Subirini.

#35 MamaViazi_Majengo
@AbuTalha wallahi sikulamba. Ila nilikula embe boribo changa na pilipili na chumvi kwa dada yangu Bamburi.

#36 AbuTalha_Kibokoni
Basi!

#37 Fundi_Tononoka
Embe bichi lina utomvu, na utomvu unababua hata mdomo wa nje. Mimi nikimenya maembe machanga bila kuosha mikono, midomo inanivimba. Lakini dada, bado nasisitiza damu upime. Unasimama jikoni kila siku mpaka usiku, unakula saa ngapi? Mke wangu alisema vivyo hivyo, "niko sawa."

#38 NesiMstaafu_Likoni
Fundi ana hoja hapo, hata kama si sababu ya vipele. Na uchovu wenyewe na kukosa usingizi hutajwa sana na wanaotokwa na vipele hivi. Wanawake wengine huvipata karibu na siku zao. Mama Viazi, andika mahali tarehe kila vinapotoka na ulichokula jana yake. Ikifika mara ya tatu au ya nne utaona mwenyewe kinachofuatana na nini.

#39 MamaViazi_Majengo
Nitaandika Bi Nesi, nina daftari la madeni pale kibandani. Asanteni nyote. Anayepita Majengo jioni ukwaju sasa uko sawa.

#40 Kijana_Tudor
Nimeupita jana, nathibitisha. Chumvi imekaa mahali pake.

#41 UmmuSalim_Bombolulu
Samahani nadandia uzi. Mwanangu ana miaka minne, ulimi wake si vipele, ni utando mweupe, ukiufuta na kitambaa chini panabaki pekundu na anaruka. Ana pumu na anatumia ile dawa ya kupuliza ya kahawia asubuhi na jioni. Mama mkwe anasema nipake jivii, ile dawa ya zambarau. Nifanyeje?

#42 NesiMstaafu_Likoni
Weupe unaofutika ukaacha wekundu unaelekea kuwa fangasi wa mdomo, na dawa hiyo ya kupuliza ni sababu inayojulikana, kwa kuwa ina steroidi inayobaki ulimini. Usiikatize dawa ya pumu! Mpeleke kliniki aonwe, mara nyingi hupewa matone ya nistatini au jeli ya kupaka. Jivii tuliitumia sana zamani, lakini mwaka 2019 idara ya afya ya Kanada iliwaonya watu waache kuitumia kwa hofu ya saratani, na siku hizi kuna dawa bora. Kila akishapuliza, asukutue maji ateme, au umfute ulimi kwa kitambaa kibichi. Anapuliza na spesa (kile chombo kinachokaa kati ya kipulizio na mdomo) au moja kwa moja mdomoni?

#43 UmmuSalim_Bombolulu
Moja kwa moja. Spesa niliambiwa bei nikashindwa.

#44 NesiMstaafu_Likoni
Basi chukua chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita, safi na kavu. Pasha waya moto utoboe kitako chake tundu la umbo la mdomo wa hicho kipulizio, likibane sawasawa, uzibe pembeni na gundi isipitishe hewa. Mtoto anaweka mdomo kwenye shingo ya chupa na kuvuta pumzi polepole, wewe unabonyeza huku nyuma. Watafiti wa Afrika Kusini waliijaribu na kuandika matokeo mwaka 1999, chupa ya nusu lita ikafanya kazi kwa watoto sawa na spesa ya dukani. Dawa inafika kifuani zaidi na ulimini inabaki kidogo. Nenda nayo kliniki wakuonyeshe kama umeitoboa vizuri.

#45 UmmuSalim_Bombolulu
Chupa ninazo tele. Kesho asubuhi tunakwenda. Shukran Bi Nesi.